Nilitafuta mwanamke kwenye WhatsApp ya mchumba wangu, nikakuta deni

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 27, mtumishi wa umma, ofisi yetu ipo Mtumba, Dodoma. Kwetu ni Mpwapwa ila nimepanga Ilazo. Nina mchumba, fundi wa madirisha na milango ya aluminiamu, ana karakana ndogo Nkuhungu. Kwao ni Iramba, Singida. Tulikutana Instagram. Aliposti madirisha aliyoyafunga kwenye nyumba moja kule Iyumbu, nikamuuliza bei kwa ajili ya nyumba ya mama. Akaja Mpwapwa kupima, mama akampenda kabla yangu.

Posa ilishapokelewa, mahari imelipwa nusu, na matangazo ya ndoa kanisani yanaanza mwezi ujao. Kamati ya harusi ya upande wao imeshafungua grupu na watu wanaahidi michango.

Shangazi, mwaka jana aliniomba nimsaidie kuandika makadirio ya bei ya mteja mmoja kwenye laptopu yangu. Tukaunganisha WhatsApp yake humo ili tutume faili. Kazi ikaisha, yeye akasahau kuitoa. Mimi sikusahau.

Mwanzo nilijiambia nitaitoa kesho. Halafu usiku mmoja nikashtuka usingizini saa saba, nikamwona yuko hewani, na jioni yake aliniaga kwamba amechoka analala mapema. Nikafungua laptopu. Tangu hapo imekuwa ndiyo kazi yangu. Nimejua hadi namna ya kujificha: nikifungua ujumbe ambao yeye hajausoma, kwenye simu yake utaonekana umeshasomwa na aliyeutuma ataona tiki za bluu, kwa hiyo nasubiri ausome yeye kwanza. Nasoma wateja, nasoma mafundi wenzake, nasoma dada yake. Hata nikiwa kwenye kikao kazini, akili iko kwenye ile laptopu.

Mwanamke sijamkuta. Kuna mteja mmoja anamwita "mpenzi" lakini huyo anamwita hivyo kila mtu, hadi dereva wa kirikuu.

Nilichokuta ni hiki. Alinivisha pete hotelini kwa kushtukiza, maua, mpiga video, marafiki zangu wamevaa rangi moja. Nilipoiposti ile video simu haikutulia usiku kucha. Kumbe ile pesa alikopa kwenye programu za mikopo ya haraka za kwenye simu. Mkopo wa kwanza ulipoiva akakopa kwingine kuulipa, na huko kulipoiva akakopa tena. Sasa wanamtumia vitisho kwamba asipolipa watawaandikia watu wote waliomo kwenye simu yake kuwa ni tapeli. Ile saa saba ya usiku alikuwa anambembeleza mkandarasi mmoja amlipe hela yake ya kazi iliyokwisha siku nyingi.

Halafu kuna ujumbe wa sauti aliomtumia kaka yake. Anasema: "Mchumba wangu anaishi Instagram, mimi naishi Nkuhungu. Kila asubuhi ananitumia ukumbi mpya." Nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Na ni kweli namtumia, Shangazi. Kumbi, mapambo, magari, maharusi waliopiga picha ufukweni. Nilishamwambia siku moja tupande SGR twende Dar tukapige za kwetu baharini. Lakini sikumlazimisha, nilikuwa namtumia tu na kuweka kopakopa. Mbona hakusema?

Rafiki yangu ninayemwamini anasema nisithubutu kuitoa ile WhatsApp, kwamba mwanaume asiye na mwanamke leo atampata kesho, na kwamba hiyo ndiyo bima yangu. Mimi nimefikiria nichukue akiba yangu ya kikoba nimlipie madeni yote kimya kimya. Nikimwambia najua deni, ataniuliza nimelijuaje. Nikinyamaza, tunaingia kanisani na deni ambalo mimi nalijua na yeye hajui kwamba nalijua. Nifanye nini? Na ile video ya pete niifute? Kila nikiiona najisikia vibaya.

Binti wa Ilazo

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako umeiandika deni likiwa mbele na laptopu nyuma. Mimi nitaanza na laptopu, kwa sababu kila utakalofanya kuhusu deni litaharibika kama hiyo bado imewashwa.

Mchumba wako alikupa ruhusa ya kutuma makadirio ya bei. Hakukupa dada yake, wala mkandarasi anayemzungusha, wala kaka yake usiku wa manane. Kukaa kwako kimya baada ya yeye kusahau hakukugeuza ile ruhusa ndogo kuwa kubwa. Katiba yetu, ibara ya 16, inataja kabisa hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Sikutishii Polisi. Sidhani kijana huyo atakwenda kukushtaki. Nakwambia kwa sababu wewe ni mtumishi wa umma, na mafaili ya watu ofisini kwenu ungeona haya kuyasoma hivyo.

Na hujamsoma yeye peke yake. Wifi yako mtarajiwa siku atakapokuja kwako utamkaribisha chai huku unajua mambo aliyomweleza kaka yake tu. Utajifanya unayasikia kwa mara ya kwanza atakapokusimulia mwenyewe, kama atakusimulia. Hilo ni jambo la miaka mingi, na haliishi kwa kufunga laptopu.

Sasa turudi kwenye ile saa saba ya usiku, kwa sababu ndipo ulipopotea, na si wewe peke yako. Simu ilikuonyesha kwamba mtu yuko macho. Basi. Haikukuonyesha anaongea na nani wala anasema nini wala ana hali gani. Hayo mengine uliyajaza wewe, na ukajaza mwanamke, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na hofu yako. Barua ninazopata siku hizi nyingi ni za namna hii. Huyu ameona stetasi yangu lakini meseji yangu hajajibu. Huyu tiki zimekuwa bluu tangu asubuhi. Huyu amelaiki picha ya mwanafunzi mwenzake wa zamani wa UDOM saa nne usiku. Huyu aliniweka kwenye stetasi siku ya kuzaliwa kwangu, mwaka huu hajaniweka. Nikisoma najiuliza, kuna ushahidi gani hapa? Tiki za bluu mtu anaweza kuzizima kwenye mipangilio. Kuonekana hewani anaweza kukuficha. Stetasi yenyewe hudumu saa 24 ikafutika, kwa hiyo anayetaka kupendwa kwa stetasi inabidi apendwe upya kila siku kama bando la elfu moja. Halafu kuna watu, na mafundi wengi ni wa aina hii, ambao simu kwao ni chombo cha kazi: picha za madirisha, vipimo, namba ya wakala. Mpenzi wake hamweki humo kwa sababu humo ameweka wateja.

Siisemi simu vibaya. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku kweli kweli, nimeona ndoa ngapi ambazo mmoja yuko Dodoma na mwenzake amebaki Dar na watoto, na zilizosimama zilisimamia kwenye simu. Wewe mwenyewe fundi umempata huko huko Instagram, na bila shaka mama yako sasa ana madirisha. Ninachokisema ni kwamba simu inafaa kumwuliza mtu, haifai kumkisia.

Rafiki yako ananishangaza kidogo. Anasema hiyo ni bima. Haya, bima imekulipa nini? Umesoma mwezi baada ya mwezi hukukuta mwanamke. Je, ulilala? Hukulala. Ulipokosa mwanamke ukahamia kwa dada, ukahamia kwa mafundi. Ushahidi kwamba huyu mtu hana mwingine umeushika mkononi na haukukutosha, na hautakutosha hata ungesoma miaka mitano, kwa sababu kesho kuna ujumbe mwingine ambao hujausoma. Ukiolewa ukiwa na hiyo laptopu utakuwa mke anayesubiri mumewe asome kwanza. Rafiki anayekutakia hayo, mpende, lakini ushauri wake uache hapo hapo alipoutoa.

Kwa hiyo WhatsApp hiyo inatoka. Ila usiitoe kimya kimya kisha ujifanye haikuwahi kuwepo. Nataka umwambie, halafu aitoe yeye mwenyewe kwenye simu yake, aione laptopu yako pale kwenye vifaa vilivyounganishwa, abonyeze atoe. Itakuuma. Lakini tangu leo usiifungue tena, hata kwa "mara ya mwisho nione kama mkandarasi kalipa".

Ujumbe wa sauti. Naona ulikuuma kuliko deni, na ndiyo maana umeukariri. Mwanangu, yale maneno alimwambia kaka yake. Mtu akielemewa huenda kwa ndugu yake akasema ovyo, akachekesha, akatia chumvi, kisha akarudi kwa mchumba wake amepoa. Ulisikiliza yale yasiyokuhusu kusikia, sasa huwezi kumpandisha kizimbani kwa maneno ambayo hakukuambia. Hilo moja.

La pili, umekiri mwenyewe kwamba ni kweli. Unasema hukumlazimisha, ulikuwa unatuma tu. Hebu jiweke pale karakana. Asubuhi mtu anakata aluminiamu, vumbi la Nkuhungu hili unalijua, mkandarasi hapokei simu, programu ya mkopo imeshatuma vitisho viwili, halafu inaingia video ya ukumbi wenye maua kutoka darini hadi sakafuni, na kopakopa tatu. Hukuandika "nataka hivi". Ungeandika ingekuwa nafuu, angekujibu "siwezi". Video isiyo na maneno haina pa kuijibia. Nadhani alikuwa anakurudishia kidole gumba. Wewe ukakisoma kama "sawa, nitafanya", yeye alimaanisha "nimeona". Harusi nzima mmekuwa mnaipanga kwa vidole gumba.

Na wale maharusi wa ufukweni unaowaona, hujui nani alilipia. Video yako ya pete nayo kuna binti mahali, labda Manyoni, labda Kibaigwa, alimtumia mchumba wake na kopakopa. Hakujua ilikuwa ya mkopo. Hata wewe hukujua, na pete ilikuwa kidoleni mwako.

Lakini nisimwonee huruma kijana kupita kiasi. Yeye naye amekosa, na kosa lake si dogo. Mtu anayekwenda kuoa na madeni yanayoiva kila wiki anapaswa kumwambia mwenzake kabla matangazo hayajasomwa kanisani. Alipoona hawezi, alikuwa na mdomo. Akachagua mikopo kausha damu badala ya kukwambia neno "siwezi". Mimi ningekuwa wewe, hicho ndicho kingenikosesha usingizi: kwamba kati yenu amewahi kuona ni rahisi zaidi kutishwa na mtu asiyemjua kuliko kukuangusha wewe. Kwa nini? Ulimfanya akuogope, au ndivyo alivyo kwa kila mtu? Sijui, wewe ndiye utakayejua, lakini baada ya kumwuliza na kukaa kimya akijibu.

Namna ya kumwambia. Usimwandikie. Usimwite kule Nyerere Square katikati ya watu, wala usimfuate karakana mafundi wakiwepo. Subiri Jumapili baada ya ibada, sehemu ambayo anaweza kunyanyuka akaondoka bila mtu kumtazama. Anza na kosa lako, usianze na deni. Sema kitu kama: "Ile WhatsApp yako tuliyounganisha kwenye laptopu yangu mwaka jana sikuitoa. Nimekuwa nasoma. Nilikuwa natafuta mwanamke, sikumkuta. Nimeona mambo ya mikopo, nimesikia ulivyomwambia kaka. Nimekosa, naomba uitoe sasa hivi." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Usiseme "na wewe ulinificha", siku hiyo si yake. Itakuja siku yake, pengine kesho yake tu.

Atakasirika. Huenda akanyanyuka. Huenda akakaa siku kadhaa hapokei simu, na wewe huna tena laptopu ya kumchungulia kujua anamwambia nani. Kuna uwezekano pia akasema hawezi kuoa mtu aliyemfanyia hivyo, na sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ingekuwa haki yake. Bado ni afadhali alisikie kwako kabla ya kanisa kuliko akaligundue mwenyewe siku amefungua simu kuunganisha kompyuta nyingine.

Akikubali kukaa nawe, hapo ndipo mnaingia kwenye deni, nalo nina maneno machache.

Akiba ya kikoba usiiguse kwa siri. Ukimlipia bila kumwambia utakuwa umefanya jambo lile lile kwa mara ya pili, umeingia kwenye mambo yake kwa mlango wa nyuma, safari hii ukiwa umebeba pesa. Mkikubaliana kwa mdomo kwamba unamsaidia, kiasi fulani, na atarudisha namna fulani, hiyo ni sawa. Lakini mwanzo wake ni yeye kuandika karatasi moja: anadaiwa na nani, alichukua ngapi mkononi, wanataka ngapi sasa. Kuchukua ngapi mkononi ni muhimu, kwa sababu programu nyingi za namna hiyo hukata ada mbele, halafu muda ni mfupi na faini inapanda kila siku. Asikope tena popote kulipa hizo. Hapo ndipo palipomzamisha.

Kisha aangalie kila mkopeshaji kama ana leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya biashara bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Sisemi asirudishe alichochukua. Nasema ajue anashughulika na nani kabla hajapiga magoti. Hivyo vitisho vya kuwaandikia watu asivifute, avipige skrinshoti na kuviweka. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ya kupokea malalamiko, na majina ya watu waliomo kwenye simu yako si dhamana ya mkopo.

Tena kuna njia moja ya bure ya kuwanyang'anya hao silaha: awatangulie. Awapigie yeye mwenyewe watu wake wa karibu, kaka, dada, mshenga, wateja wakubwa wawili watatu, awaambie, "Nina mkopo wa simu unanisumbua, mkipata ujumbe wa ajabu kunihusu msishtuke, naushughulikia." Kinachomtisha ni watu kujua. Wakishajua kwake, ujumbe wa mkopeshaji utasomwa na kufutwa.

Harusi. Hapa wewe una madaraka zaidi ya unavyodhani, maana send-off na kichenipati ni za upande wenu. Anza kupunguza huko kwenu kabla hujamwambia apunguze kwake. Mwambie mama ukweli wa kiasi chake: kwamba mwenzako hali yake imebana na ninyi wawili hamtaki kuanza na madeni. Wazazi wa Mpwapwa wameoza watoto miaka ya njaa, hawatashangaa. Mahari iliyobaki, mshenga atume neno. Mahari ya Wagogo ilihesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi, mjomba naye akiwa na fungu lake, na wazee wanajua kusubiri ng'ombe. Wasichokipenda ni kudanganywa.

Kwa upande wa kamati, mchumba wako azungumze na mwenyekiti na mhazini ana kwa ana, asiandike grupuni kwanza. Kama tarehe inasogezwa, waliokwisha kutoa michango majina yao na kiasi chao vibaki kwenye daftari, waambiwe. Michango hiyo isiguswe kulipa mkopo hata shilingi. Watu husamehe harusi ndogo. Mchango uliolipa deni hawausahau.

Na kama tarehe mnataka ibaki pale pale, ibaki, ila ndogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 na mashahidi wawili. Haitaki droni. Kanisa lina taratibu zake, na nazo hazina kipengele cha ukumbi. Picha, kama roho inazitaka, na mimi naielewa roho ya binti wa miaka 27, mtafuteni kijana mwenye kamera nzuri mwende Hombolo kwenye mashamba ya zabibu jua likielekea kuzama. Bahari kila mtu anayo kwenye ukurasa wake.

Kurasa za kumbi na mapambo uziache kuzifuata mpaka mambo haya yatulie. Ukikutana na kitu kikakupendeza, usimtumie. Subiri mkionana umwambie kwa mdomo, na umwambie bei yake. Utashangaa vingi vitakavyokwisha hamu kabla hujafika kwenye bei. Kuahirishwa kwa harusi, kama kutakuwepo, usikutangaze kwenye stetasi, wala usiweke yale mafumbo ya "watu wana siri nzito". Wanaohusika wapigieni simu.

Umeuliza kuhusu video ya pete. Uso wake upo humo, na deni ni lake. Mwulize yeye. Akisema ibaki, iache na uache kuhesabu waliolaiki. Akisema itoke, itoe siku hiyo hiyo bila kumwuliza sababu.

Niandikie baada ya hiyo Jumapili, hata kama habari si nzuri.

Shangazi

Kwa wasomaji wengine: fungua WhatsApp yako, nenda kwenye mipangilio au kwenye vitone vitatu vya juu, gusa vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha ya kompyuta na simu zinazosoma ujumbe wako, na mara ya mwisho zilipotumika. Usiyoitambua, iguse uitoe. Kama ni ya mchumba wako, itoe kwanza, ndipo umpigie.